Dawa ya Povu

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwako, wewe, shemeji na wanao wawili. Natumaini kifua cha yule mdogo kimeachia, na kwamba shemeji amerudi kazini tangu alipotolewa plasta mguuni. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma huko mbele, kwa hiyo kabla hujaendelea nakuomba utafute mahali ukae peke yako na usisome kwa sauti. Najua huwa unamsomea shangazi barua zangu. Hii usimsomee.

Pole sana na kuuguza. Umeniandikia kwamba sasa shangazi hamezi ila uji mwepesi, kijiko kimoja kimoja, na kwamba unamgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke. Mimi nimekuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa na bado nasema kazi hiyo unaifanya vizuri kuliko wengi tuliosomea. Barua zako tatu nimezipata zote. Nilikutumia ujumbe kwamba kazi zimenibana, lakini kazi hazikunibana. Nilikuwa sijui pa kuanzia, na kwenye simu ningekata kabla sijafika popote.

Katika barua ya mwisho umenitaka nieleze, hatua kwa hatua, kilichotokea siku shangazi alipopimwa tumbo hapa kwetu. Umesema kamati ya hospitali inakutana wiki ijayo kusikiliza malalamiko uliyoyaandika juu ya daktari wetu, na kwamba mimi nilikuwa chumbani, nisimwogope mtu, niseme nilichokiona kwa macho yangu. Haya, nasema.

Kitengo chetu unakijua kwa nje tu. Ni vyumba viwili na ukumbi mwembamba wenye benchi la watu sita, na siku za kipimo, mbili kwa wiki, wanakaa tisa pamoja na wasindikizaji wao. Chumba cha ndani ndicho chenye kitanda, mashine na ule mpira mrefu wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Wagonjwa wanauita nyoka, na tumechoka kuwakatalia. Chumba cha nje ni changu. Mimi ndiye ninayemwandaa mgonjwa. Namuuliza alikula lini mara ya mwisho, namvua meno ya bandia kama anayo, namsainisha, kisha nampa dawa ya povu.

Hiyo dawa ya povu ndiyo roho ya barua hii, kwa hiyo nivumilie nikueleze. Tumbo, hata likishinda njaa, si tupu. Lina ute kama wa bamia, na juu ya ute kuna mapovu. Mgonjwa anakunywa nusu kikombe cha maji yaliyotiwa dawa mbili, moja ya kuvunja mapovu na nyingine ya kuyeyusha ute. Anakaa dakika ishirini, namgeuza ubavu huu na huu, na mpira ukiingia daktari anaona ukuta wa tumbo mkavu na safi. Inanuka mayai viza. Hakuna aliyewahi kuinywa akanishukuru.

Daktari wetu ni mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, anayezungumza na mgonjwa muda wote mpira ukiwa kooni, kana kwamba mgonjwa ataweza kumjibu. Dawa ya povu ni yeye aliyeileta. Zamani tulikuwa tunawalaza watu bila kuwapa kitu. Alibandika ukutani kwangu picha mbili za tumbo la mtu mmoja, kabla ya dawa na baada yake. Ya kwanza ni povu jeupe tupu. Ya pili ina baka moja, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, rangi yake imefifia kidogo tu kuliko nyama ya pembeni. Alinieleza kwamba uvimbe mchanga huwa hauna kichwa wala pembe, ni hilo baka tu, na ukikaliwa na povu umeshaupita. Akasema kazi yake inaanzia mikononi mwangu.

Sasa nije kwa shangazi. Unakumbuka ulimleta kwangu mwaka jana, amekonda, analalamika kiungulia na kushiba haraka. Ulisema nina bahati kufanya kazi mahali pale, hatapanga foleni. Alipanga, mdogo wangu. Alipanga mara tatu.

Mara ya kwanza alikuja ameshinda njaa saa kumi na nne kama nilivyomwagiza. Nikamuuliza mbele ya benchi zima amekula nini. Akasema hajala kitu. Nikamuuliza kama ana hakika, maana watu wazima wengine wanasahau. Benchi likacheka. Akasema alikunywa funda la maji kumezea kidonge chake cha presha. Funda la maji halizuii kipimo, hilo analijua hata mfagizi wetu. Nikamwambia ameharibu, arudi Alhamisi. Akaokota mkoba wake, akaondoka. Siku ile nilifanya kazi mpaka wenzangu wakaniuliza nimepata nini, maana nilikuwa naimba.

Alhamisi nikamwandika wa mwisho. Saa nane mchana daktari akaitwa wodini kwa mtu anayetapika damu. Nilijua tangu saa nne asubuhi kwamba hatutafikia jina lake, lakini nilimwacha benchini na njaa yake, kila baada ya muda nachungulia. Ndipo nikamwambia aende nyumbani.

Najua unavyosoma hapo. Unajiuliza huyu ni dada yangu au nani. Wewe shangazi unamjua aliyekusuka nywele, aliyekupeleka shule kwa mkono, aliyekuita mboni yake. Sikukatalii. Alikuwa hivyo kwako. Baba alipompa watoto wawili walioachwa na mama, alimchukua mmoja, na mwingine akampokea kwa sababu walikuja pamoja.

Umeniandikia nisisahau fadhila. Umenikumbusha siku ile nilipougua nikiwa na miaka kumi, shangazi akashinda ameniinamia uani, amenishika kichwa, nikitapika kwenye karai la bluu. Ulikuwa na miaka mitano, umekaa mlangoni na mwanasesere wako wa kitambaa. Umeandika kwamba hujawahi kuona mtu akiuguzwa kwa upendo namna ile, na kwamba ndiyo maana hata wewe leo huchoki.

Mdogo wangu, sikuwa naumwa. Kulikuwa na kipande cha nyama kimepungua sufuriani. Niliapa sijakila, na kweli sikukila. Akachemsha maji, akatia chumvi viganja viwili, akaniinamisha na kunibana pua nikanywa kikombe baada ya kikombe mpaka yakarudi. Alikuwa anatazama kwenye karai, anakoroga kwa kijiti, anatafuta nyama. Wageni wawili walikuwa wamekaa kibarazani wanatazama. Ulimuuliza dada ana nini, akakuambia dada anapewa dawa. Hakukuwa na nyama, ulikuwa uji mtupu, na baadaye ute, na baadaye damu kidogo. Alipochoka aliwaambia wageni, "Kumbe alitafuna vizuri."

Kilichoniuma si chumvi. Kilichoniuma ni kwamba alikwisha kuona tumboni mwangu hamna kitu, na bado hakuniamini.

Basi. Mara ya tatu ilikuwa Jumanne. Benchini alikaa pembeni ya fundi seremala mmoja aliyekuja kwa vidonda vya tumbo. Nikawapa vikombe wote wawili. Fundi alikunja uso, akaniambia kwa masihara kwamba kama hii ndiyo dawa basi anachagua ugonjwa. Shangazi alikunywa kimya mpaka tone la mwisho, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

Daktari alipoingiza mpira, skrini ikajaa weupe. Akaniuliza kama mgonjwa amekunywa dawa. Nikasema amekunywa. Akauliza kama ameimaliza. Nikasema ameimaliza mbele yangu. Akaniagiza nipige maji kwa bomba la sindano kusafisha, nikapiga polepole, nikasafisha hapa pakajaa pale. Shangazi alikuwa anakabwa na kichefuchefu, machozi yanamtoka, mkono unainuka kutaka kuung'oa mpira. Niliushika mkono ule na kuukandamiza godoroni. Niliukandamiza kuliko ilivyohitajika. Daktari alikuwa anamwambia kwa sauti yake ndogo, "Bado kidogo mama, umefanya vizuri, bado kidogo." Alipambana muda mrefu kuliko ulivyoandika kwenye malalamiko yako. Mwishowe akaandika kwamba kuna michubuko, akampa vidonge vya kupunguza asidi.

Miezi saba baadaye, huko kwenu, wakamkuta na uvimbe ukubwa wa limau sehemu ya chini ya tumbo, na madoa kwenye ini. Wewe ukalia, ukashika kalamu, ukaandika kurasa nne. Umefundisha watoto insha miaka yote hiyo, na kurasa zile zilifanya kazi. Daktari alisimamishwa siku tatu baada ya kurasa hizo kufika. Gazeti moja likaandika habari hiyo bila jina lake, lakini mtaani kwao walimjua. Alikuja kuchukua viatu vyake vya kazini na picha ya mkewe. Watu wa benchi wakamtambua, mama mmoja akamwambia kwa sauti kwamba ni mchinjaji. Alisimama mlangoni kwangu, akaniambia pole kwa ugonjwa wa shangazi yangu. Akasema anarudia kichwani kipimo kile kila siku na haelewi lile povu lilitoka wapi.

Lilitoka kwangu. Kikombe nilichompa shangazi kilikuwa cha maji ya bomba. Dawa ilikuwepo kabatini, chupa mbili hazijafunguliwa. Nilisimama nimempa mgongo, nikafungua bomba, nikajaza nusu, nikakoroga kwa kijiko ili asikie kijiko kinagonga. Na si hilo tu. Kwa kuwa hakuridhika na alichokiona, daktari aliniambia mimi, kama ndugu wa mgonjwa, kwamba nisimwache zaidi ya mwezi mmoja, nimrudishe apimwe upya. Shangazi alikuwa bado ana usingizi wa sindano ya kutuliza aliyochomwa kabla ya mpira, hakusikia. Wewe ulikuja kumchukua kesho yake, nikakuambia majibu ni mazuri.

Hukuniuliza swali, uliniamini tu.

Sikutaka afe. Hilo naliandika si kujipunguzia, naliandika kwa sababu ni kweli. Sikujua kuna uvimbe, nilidhani ana vidonda kama watu wote. Nilitaka aumwe na aambiwe hana kitu. Nilitaka aseme naumwa, naumwa, na mtu aliyesoma amtazame tumboni, kisha asimwamini. Niliona hiyo inatosha. Ungenikuta jioni ile ungeniona nina furaha ya mtu aliyelipiza, ninakula na kuongeza.

Sasa nikuambie la mwezi uliopita nilipokuja kumwona. Ulitoka kwenda duka la dawa, ukatuacha chumbani. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akasema, "Ile ya kwako haikunuka."

Nikajifanya sijaelewa. Nikamuuliza anataka nimgeuze.

"Huku wamenipa nusu kikombe kabla ya kipimo," akasema. "Kilinuka mayai viza mpaka nikaziba pua. Nikamkumbuka yule fundi wako alivyokunja uso. Ya kwangu ilikuwa maji."

Nilisimama nimeshika shuka. Nikamuuliza kwa nini hajakuambia wewe. Alifumbua macho, mdogo wangu, na yalikuwa macho yale yale ya uani.

"Nikisema watakufukuza, utalia, mdogo wako atakusamehe, yatakwisha. Sitaki yaishe. Nimemwambia aandike jina la daktari. Ukinyamaza, utamtazama yule mtu akimalizwa mbele yako. Ukisema, umejimaliza mwenyewe. Chagua. Mimi sina haraka."

Kisha akaomba maji. Nikamletea. Akayanusa kwanza, akacheka kicheko kidogo kilichomgeuka kikohozi, akayanywa. Ulipoingia na mfuko wa dawa ulitukuta nimemshika kichwa, ukasema unafurahi kutuona tumekaa pamoja.

Kwa hiyo zile kurasa nne hukuziandika wewe peke yako. Alikuongoza mkono, kama alivyokuongoza ulipokuwa unajifunza herufi.

Nilinyamaza wiki tatu na nusu. Naiandika hesabu hiyo ili usije ukaniona bora kuliko nilivyo. Kila asubuhi nilivaa sare. Daktari mwingine wa kuazima alikuwa anakuja mara moja kwa wiki, na siku yake nilichanganya dawa, nikawapa watu, benchi limejaa hadi nje. Nilikuwa najiambia kwamba daktari ni mwanamume, ana elimu, atapata pengine. Jana nikasikia mkewe amerudi kwao na watoto kwa sababu ya maneno ya mtaani. Hata hapo sikusimama. Nilimaliza zamu yangu, nikaosha vikombe.

Leo asubuhi nilikwenda kwa muuguzi mkuu, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Aliniomba nirudie sehemu ya bomba mara mbili. Akaandika, nikasaini, nikavua beji nikaiweka mezani kwake. Kisha akampigia daktari wetu, akaja. Nilitarajia anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilitamani. Alikaa kwenye kiti, akashika magoti yake, akaniuliza swali moja tu.

"Wangapi wengine?"

Nikasema hakuna mwingine. Nikaapa. Akanitazama kama mtu anayetazama skrini iliyojaa povu, akamgeukia muuguzi mkuu, akaomba madaftari yote ya tangu nilipoanza kutoa ile dawa. Wameshaanza kuwapigia simu. Ni watu mia nne na kumi na wawili. Wote wataitwa tena, washinde njaa tena, wameze ule mpira tena, kwa sababu neno langu halina thamani. Yule fundi seremala ni mmoja wao. Na mimi najua matumbo yao yaliandaliwa vizuri, najua ni kweli, na hakuna mtu duniani wa kuniamini.

Kamati haitakuhitaji tena. Wataniita mimi, na baada ya kamati nimeambiwa nitegemee polisi. Barua ya kumsafisha daktari itatoka, ingawa muuguzi mkuu alisema yaliyokwisha kusemwa mtaani hayafutwi kwa barua. Wewe utajisikia vibaya kwa kurasa zako. Usijisikie. Uliandika ulichoambiwa na watu wawili uliowapenda.

Sikuombi unisamehe. Yeye ameshatabiri utanisamehe, na sitaki awe amepatia hata hilo. Nakuomba jambo moja, na najua nakutwisha kitu kizito wakati mikono yako imejaa. Shangazi atakuuliza. Kila akisikia simu inalia atakuuliza kama ni mimi, na kama kuna jipya lolote kuhusu daktari. Anaishi kwa ajili ya jibu hilo, ndicho kinachomfanya ameze uji. Usimwambie. Usimwambie nimesema, wala usimwambie nimenyamaza. Mgeuze, mpake mafuta, mlishe kijiko kimoja kimoja kama unavyofanya, kwa upendo wako wote, na umwache aondoke bila kujua nilichagua nini.

Nikisikia amekufa sitakuja mazikoni, ila ukiniita.

Wabusu wanao kwa niaba yangu, na umwambie yule mkubwa kwamba nimefurahi kusikia amekuwa wa tatu darasani. Msalimie shemeji sana. Na wewe kula vizuri, usijisahau kwa ajili ya mgonjwa. Akikuuliza leo barua ya nani imekuja, mwambie ni ya shule.

Ni mimi dada yako.